Mwendo wa Watu Wawili

Akizikwa mkimbiaji huku kwetu Arusha, waombolezaji wanajua hata kabla ya ibada mchungaji atafungua wapi: Waraka wa Pili wa Paulo kwa Timotheo, sura ya nne, pale mtume mzee anapojiona amemaliza mwendo na sasa anangoja taji. Nimelisikia somo hilo kwenye misiba ya Ngaramtoni, ya Karatu, na safari moja kule Mbulu chini ya turubai lililovuja mpaka kwaya ikahama. Somo ni zuri, na naamini Paulo aliwahi kukaa mahali akatazama mbio kwa makini, maana lugha yake ni ya mtu aliyeziona. Ugomvi wangu ni na sisi tunaolipokea kirahisi kwa kila marehemu aliyewahi kubandika namba kifuani. Mwalimu hakumaliza mwendo. Alitolewa katikati ya mzunguko, hamu anayo, hesabu za msimu ujao anazo, na utepe haujaonekana.

Namwita Mwalimu kwa kuwa ndivyo alivyoitwa na kila mtu, mkewe akiwemo. Alifundisha hesabu katika shule za msingi za pembeni mwa mji mpaka alipostaafu. Alinizidi umri kwa miaka michache, hivyo nilimwamkia shikamoo tangu asubuhi tuliyojuana kwenye Uwanja wa Sheikh Amri Abeid hadi tulipokuwa wazee wote wawili, naye akinijibu marahaba bila kupunguza mwendo. Uwanja huo, kwa asiyejua, una jina la mshairi, yule Sheikh Kaluta Amri Abedi aliyeandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Mwalimu alilipenda sana jambo hilo. Alisema ndio uwanja pekee anaoujua ambako mizani huhesabiwa kwa miguu.

Hatukuwa watu wa kuandikwa magazetini. Tulikimbia mita 1500, mita 5000 na mbio za nyika, tukafika ngazi ya mkoa, mara chache ya taifa, na huko tulikuwa wale wa kujaza fainali, ambao majina yao husomwa upesi ili lifikiwe jina lililowaleta watu uwanjani. Njia ilikuwa ya udongo, mistari ya chokaa, na mvua ikinyesha usiku asubuhi hukuti mstari. Ile njia ya kwanza, ya ndani kabisa, ilikuwa imechimbika kwa miguu ya wengi, tukakimbilia ya pili. Mwalimu hakukubali hilo lipite bure. Njia ya pili ni ndefu zaidi kwa mita saba na ushee kila mzunguko, na yeye alizijumlisha zote kichwani, akinitangazia mwishoni kwamba leo tumeibiwa mita tisini.

Aliyetuingiza katika haya yote ni Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, katika fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, kijana huyu wa Karatu mwenye miaka 20 alichomoka bunduki ilipolia na hakuruhusu mtu kumpita hadi mwisho. Alitumia dakika 3 na sekunde 32.2, akaifuta rekodi ya dunia ya Mmarekani Jim Ryun iliyokuwa imekaa tangu 1967. Rekodi ya michezo ile ya Jumuiya ya Madola aliyoiweka siku hiyo ilidumu mpaka 2022. Mwalimu alikuwa bado mwanafunzi wa shule ya msingi, akaisikia habari redioni, na alinisimulia mara nyingi jinsi watoto wote wa kijiji walivyotoka nje na kuanza kukimbia, kila mmoja akitaka kuwa mbele tangu mwanzo, wakaishia kukaa chini barabarani wameshika mbavu kwa kichomi.

Ninachokirudia mimi katika mbio zile ni mtu wa pili. John Walker wa New Zealand alimfuata Bayi na kumaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.5, naye pia chini ya rekodi ya zamani. Siku hiyo Walker alikimbia mwendo ambao hakuwa amewahi kuufikia, kwa sababu mbele yake kulikuwa na mgongo wa kuufukuza. Bayi naye alijua kuna mtu nyuma.

Kisha likaja pengo. Dunia nzima ya riadha ilikuwa inangoja Montreal 1976, Bayi na Walker tena, safari hii kwa dhahabu ya Olimpiki. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikakataa kuiondoa New Zealand michezoni, na nchi zaidi ya ishirini, nyingi za Afrika, Tanzania ikiwa miongoni mwa za kwanza, zikagoma. Sisemi tulikosea. Watu walikuwa wanauawa Soweto mwezi mmoja tu kabla, na ningekuwa mkubwa wakati ule ningeunga mkono. Lakini itazame ile fainali iliyobaki. Hakuna aliyetaka kuongoza. Wakatazamana, wakaviziana, na Walker akashinda kwa dakika 3 na sekunde 39.17, zaidi ya sekunde sita nyuma ya muda wake wa Christchurch. Mtu yule yule, miguu ile ile, lengo kubwa zaidi, na mwendo haukuwepo. Ulikuwa umebaki Dar es Salaam.

Nimeitumia mbio hiyo kama ushahidi katika mabishano mengi na sasa naitumia kwa jambo langu mwenyewe. Kuna mwendo ambao si wa mtu mmoja. Tulipokuwa tunapanda barabara ya vumbi kuelekea msitu wa Meru, mimi kushoto na Mwalimu kulia, mwendo wetu haukuwa wangu wala wake. Mimi nikiwa peke yangu huanza mbio na kufa katikati. Yeye akiwa peke yake alikuwa mzito wa kuanza, akipiga hesabu zake. Tukiwa pamoja ulitokea mwendo wa tatu ambao hakuna aliyeupanga. Watu wakikimbia ubavu kwa ubavu, nyayo zao huanza kulingana zenyewe, hata wasipokusudia, na baada ya kilomita mbili tatu nilikuwa sisikii hatua zake tena kwa sababu zilikuwa zimeingia ndani ya zangu. Nilichosikia ni pumzi. Alivuta mara mbili fupi kwa pua na kutoa mara moja kwa mdomo, na ile ya kutoa ilikuwa na mluzi mdogo kwa sababu ya jino la mbele lililovunjika. Kwenye mwinuko wa mwisho mluzi ule ulipanda juu. Hapo nilijua amechoka dakika nzima kabla yeye mwenyewe hajakubali.

Hatukuwa na maongezi ya maana. Watu hudhani wakimbiaji wa muda mrefu huambiana siri za moyo njiani. Tulizungumza bei ya mbolea, mpira wa Simba na Yanga, na nani amefiwa. Mengi hatukuyamaliza kwa sababu ya pikipiki.

Uzee ulikuja na tuliupokea kwa hesabu, maana ndivyo alivyokuwa. Kwa kawaida mkimbiaji anayezeeka hapunguzi idadi ya hatua kwa dakika. Kinachopungua ni urefu wa hatua yenyewe. Mwalimu aligundua hili bila kusoma popote. Kulikuwa na nguzo mbili za umeme kwenye tambarare ya kuelekea Kisongo, na yeye alihesabu hatua kati yake tangu tukiwa vijana. Kila baada ya miaka kadhaa zinaongezeka hatua chache. "Mdogo wangu," aliniambia asubuhi moja, "Tanesco wanazisogeza nguzo hizi usiku." Tulicheka mpaka tukasimama. Mapigo ya juu kabisa ya moyo nayo hushuka na umri hata ufanye mazoezi gani, na hewa ambayo mwili unaweza kuitumia hupungua mwaka hadi mwaka; anayeendelea na mazoezi hupoteza polepole zaidi kuliko aliyekaa, lakini hupoteza. Hasara hiyo sikuiona chungu. Ilikuwa inaandikika. Ukijua umepoteza sekunde nne kwenye kilomita, umeshajua cha kufanya Jumanne.

Ndipo kansa ya tezi dume ikaingia, na ilipogundulika ilikuwa imeshafika kwenye mifupa.

Siku alipolazwa mara ya kwanza nilikuwepo. Muuguzi, binti mdogo mwenye haraka, alimfunga mashine ya kupima, akaangalia, akaifungua, akaleta nyingine. Mapigo 44 kwa dakika. Alipoanza kutoka mbio kwenda kumwita daktari, Mwalimu alimwita. "Mwanangu, mashine zako ni nzima zote mbili. Huo ni moyo wa mkimbiaji." Akamweleza, kwa sauti ya darasa la tano, kwamba moyo uliofanyishwa kazi miaka mingi hukua na kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, hivyo hauna sababu ya kupiga mara sabini. Binti alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaenda kumwita daktari vilevile, na alifanya vizuri.

Baada ya hapo akawa anajipima mwenyewe. Vidole viwili shingoni, macho kwenye saa yake ya Casio, sekunde kumi na tano, mara nne. Alikuwa amefanya hivyo kila asubuhi kabla ya kutoka kitandani tangu ujana, kwa kuwa mapigo yakipanda ghafla ni dalili kwamba mwili haujapumzika na mazoezi ya siku hiyo yapunguzwe. Sasa mapigo yakaanza kupanda na hakukuwa na mazoezi ya kupunguza. Hamsini na sita. Sitini na nane. Damu ilikuwa inapungua, misuli inakwenda, na moyo ukawa unapiga mara nyingi zaidi kwa kazi ndogo zaidi. Kila nilipofika alinipa namba kabla ya salamu kuisha. Asubuhi moja nilimkuta amekaa ameegemea mto, vidole bado viko shingoni. "Themanini na nne," akasema. "Mdogo wangu, nimekuwa mtu wa kawaida."

Sijasikia sentensi ya huzuni kuliko hiyo, na aliisema akitabasamu.

Alikuwa wodini ilipokuja habari ya Kelvin Kiptum. Usiku wa Jumapili, tarehe 11 Februari 2024, gari lake liliacha barabara karibu na Kaptagat, Kenya, akafa yeye na kocha wake. Alikuwa na miaka 24. Maishani mwake alikimbia marathoni tatu tu, Valencia, London na Chicago, akashinda zote, na ile ya Chicago ya Oktoba 2023 aliimaliza kwa saa 2 na sekunde 35, rekodi ya dunia iliyothibitishwa siku chache tu kabla ya ajali. Mwezi Aprili alikuwa akimbie Rotterdam, na wengi walitarajia ashuke chini ya saa mbili. Siku nzima wodi ilikuwa inazungumza hilo. Kijana wa kitanda cha jirani alisoma habari kwenye simu kwa sauti, na kila habari ilisema dunia imepoteza marathoni ya chini ya saa mbili.

Mwalimu alisikiliza sana, kisha akaomba maji. "Wanalilia muda ambao hajaukimbia," alisema. "Mtoto wa watu ameacha mke na watoto. Na huyo kocha mbona wanamsoma mwishoni?" Kocha ni Gervais Hakizimana, Mnyarwanda aliyekuwa mkimbiaji pia. Kwenye habari nyingi alipewa mstari mmoja. Mwalimu alishikilia hapo. Alitaka kujua nani alikuwa anashika saa wakati kijana yule akikimbia zile kilomita zake nyingi za wiki, nani alimwambia apunguze, nani alijua pumzi yake. Alitaka wawili wale waliliwe pamoja.

Nilipotoka pale nikaanza kuhesabu wale waliochukuliwa na barabara, kazi mbaya ya kufanya ndani ya daladala. Ile fainali ya Montreal niliyoitaja, aliyekuwa wa pili nyuma ya Walker kwa sehemu ya kumi ya sekunde alikuwa Mbelgiji, Ivo Van Damme. Alikufa kwa ajali ya gari Desemba ya mwaka ule ule, akiwa na miaka 22. Bayi mwenyewe, baada ya kukosa Montreal, alikwenda Moscow 1980 na kuhamia mita 3000 kuruka viunzi na maji. Akaongoza kwa ujasiri wake wa siku zote, akaacha nafasi kubwa, na mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland akamfikia na kumpita. Fedha kwa Bayi. Kwa mtu anayehesabu hasara, hiyo ni hasara: dhahabu iliyokuwa mkononi, imetoka ndani ya mita mia chache. Lakini Septemba 1981 Malinowski naye alikufa kwa ajali ya gari darajani, katika mji wa Grudziądz. Miaka 30. Bayi alirudi nyumbani na fedha yake, akaishi, akajenga shule.

Haya mawili hayakai kwenye mizani moja, ndicho ninachosema. Riadha hutulea katika hasara inayopimika. Juma Ikangaa alipoteza Boston ya 1988 kwa sekunde moja, saa 2 dakika 8 na sekunde 44 kwa 43 za Ibrahim Hussein wa Kenya. Sekunde moja baada ya kilomita 42. Akarudi 1989 akawa wa pili, akarudi 1990 akawa wa pili, na katikati ya hayo, Novemba 1989, akashinda New York kwa saa 2 dakika 8 na sekunde 1, rekodi ya mbio zile wakati huo. Sekunde ya Boston ilikuwa deni, na deni lina anwani. Tumefundishwa tangu tukiwa watoto kwamba kilichopotea uwanjani kinatafutwa uwanjani: ongeza kilomita, lala mapema, kula makande, rudi. Elimu hiyo ni nzuri na imewaokoa vijana wengi. Kwenye kifo haina la kusema. Tena naona inatudanganya, kwa sababu tunafika msibani na lugha ya uwanjani, tunamwambia mjane kwamba mzee amemaliza mwendo, ametwaa taji, wakati yeye anajua aliyekuwa amelala pale alikuwa bado anauliza Kilimanjaro Marathoni itakuwa tarehe ngapi.

Alikufa katikati ya mwaka, msimu wa baridi.

Niliacha kukimbia kwa muda, kisha nikarudi, kwa kuwa sijui kufanya kitu kingine asubuhi. Na ndipo nilipotambua hasa nilichofiwa. Nilitarajia kumkosa kwenye mwinuko, pale mluzi ulipopanda. Nilimkosa kwenye tambarare. Mwinuko una kazi yake, unakushughulisha. Tambarare inakuuliza unakwenda mwendo gani, na mimi sikuwa na jibu. Nikienda wangu wa asili nafika nguzo ya pili nimekwisha. Nikijizuia, nakuwa natembea. Ule wa tatu, ule wetu, nilijaribu kuupata na mwili ulijua kabisa unatafuta nini, goti likinyanyuka kwa kimo kile kile, lakini haukai. Nusu yake iko makaburini. Mguu wa kushoto ulikuwa bado unaacha nafasi upande wa kulia, nikikimbia pembeni kabisa mwa barabara, kwenye majani, na katikati ni patupu kiasi kwamba mwendesha bodaboda mmoja alinipigia kelele kwa nini najibana.

Vijana wa klabu ya mbio za pole walinikaribisha kwao. Ni watu wema. Wana saa zinazowaambia dakika kwa kila kilomita, mapigo ya moyo, hata usingizi wa jana, na wengi wana vidude masikioni, hivyo kila mmoja anakimbia na wimbo wake. Nilikwenda nao Jumamosi kadhaa. Niliwaangalia nyayo zao: watu kumi na wawili, miondoko kumi na miwili. Sitaki kuwa yule mzee anayelalamikia vijana, maana wananizidi mbio wote. Nasema tu kwamba sikusikia pumzi ya mtu.

Septemba 2025 shemeji, mke wa Mwalimu, alinipigia simu alfajiri. Alphonce Simbu, yule askari wetu kutoka Singida, alikuwa ameshinda marathoni ya ubingwa wa dunia kule Tokyo, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Kwetu ilikuwa bado usiku alipomaliza. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliingia uwanjani, Petros akiwa mbele, Simbu akamfikia kwenye mstari, Petros akaanguka, na wote wawili wakaandikiwa saa 2 dakika 9 na sekunde 48. Ikabidi picha iamue.

"Shikamoo shemeji," nilisema.

"Marahaba. Wanasema kamzidi sekunde tatu za mia. Mwalimu angenieleza. Ni kitu gani hicho?"

Nilikaa kitandani nikapiga hesabu, kwa kalamu, maana mimi si yeye. Mtu anayemalizia kwa nguvu zote hukata kiasi cha mita sita na nusu kwa sekunde. Chukua sehemu tatu katika mia za hapo. Nikampigia tena. "Ni shubiri, shemeji. Mkono wako ukiupanua kutoka dole gumba hadi kidole cha mwisho, kasoro kidogo."

Kimya. Najua alikuwa anaupanua mkono wake. "Hiki?" akasema. "Kilomita zote hizo kwa hiki?" Akaanza kucheka, kisha akalia, kisha akaniambia nipitie nyumbani kuna vitu vya kuchukua.

Vilikuwa viatu na madaftari. Viatu havikunitosha. Madaftari yalikuwa ya shule, yale ya kurasa tisini na sita yenye jedwali la kuzidisha nyuma, yamejaa toka miaka ya themanini: tarehe, umbali, mapigo ya asubuhi, hali ya hewa kwa neno moja. Jina langu halimo. Nimeandikwa "M.W.", mdogo wangu, na kinachonihusu karibu siku zote ni lawama. M.W. kaanza mbio mno. M.W. kachelewa, anasema baiskeli. M.W. kanivuta leo, sikutaka, muda mzuri. Nilizisoma usiku kucha nikibishana naye kwa sauti, mke wangu akaja kuuliza nani yupo.

Daftari la mwisho lina ukurasa ulioandikwa baada ya kulazwa. Ameweka programu ya Jumanne: mita 400 mara kumi, mapumziko sekunde sitini, na kando yake muda wa kila mzunguko, muda ambao yeye hakuwa ameukimbia kwa miaka thelathini wala mimi. Sijui alimwandikia nani. Labda alikuwa anafanya hesabu tu, kama mtu mwingine angecheza bao. Mimi singeweza hata mizunguko minne ya ile kazi, na sikujaribu.

Shule moja ya sekondari karibu na kwetu kuna binti wa kidato cha tatu anayekimbia mita 1500, na mwalimu wake wa michezo huniomba siku moja moja nikashike saa. Nilikwenda na ukurasa ule. Nikaurekebisha muda kwa kiwango chake, mapumziko nikayaacha yalivyo. Mzunguko wa saba alisimama ameinama, mikono magotini, akaniuliza nani ameandika programu hii. Nikamwambia ni mzee mmoja, hayupo tena.

"Babu, sekunde sitini hazitoshi. Huyo mzee alikuwa mkatili."

"Arobaini na tano ndizo alizokuwa anatupa sisi," nikamwambia. "Zimebaki kumi. Nyanyuka."